Boksi Jipya, Kitu Kikuukuu

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, Ngara na Biharamulo

  Kila mmoja na awe na daftari na penseli karibu, kwa maana mwisho wa somo yako maneno ya kuandika na maswali ya kujibu. Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni neno moja kabla hatujaanza. Neno lenyewe ni ALAMA.

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za watemi na vita tu. Sivyo. Duka lina historia yake. Mizani ina historia yake. Hata udanganyifu una historia yake, na mtu akiijua hadanganyiki upesi. Leo tutasoma habari za bidhaa zinazouzwa kuwa mpya, kumbe si mpya.

Kwanza tuchukue mfano. Mtu mmoja ananunua simu mpya dukani. Akifika nyumbani anaitoa katika boksi lake, na mahali pake anatia simu ya bandia, au simu iliyokwisha kufa. Kesho yake anarudi dukani. Anasema, "Mzee, simu hii haiwaki. Tafadhali nibadilishie." Mwenye duka anatazama boksi. Boksi ni lile lile. Anampa simu nyingine, naye anakwenda zake. Huyo ni mtu wa kwanza.

Jioni mwenye duka anafungua boksi lile na kugundua kwamba amechezewa. Huyo ni mtu wa pili. Sasa mbele yake ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kukubali hasara na kwenda kutoa habari polisi. Njia ya pili ni kulifunga boksi vizuri, kulizungushia nailoni, kulirudisha rafuni, na kungoja.

Anamngoja nani? Anamngoja mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni mkulima wa Bugarama aliyeuza kahawa yake ya msimu mzima. Ni mama aliyeweka akiba ya ndizi na maharage kidogo kidogo. Yeye hakumwibia mtu, wala hakujua lolote, lakini hasara yote inamwangukia. Basi somo la leo linamhusu mtu wa tatu. Tutauliza, ilikuwaje watu wakaanza kununua boksi badala ya kununua kitu?

Jembe halina boksi

Zamani katika nchi zetu za upande wa ziwa, chuma kilifuliwa na mafundi walioitwa Warongo. Walikaa katika nchi ya Uzinza, upande wa Biharamulo na Geita. Majembe yao yalikwenda mbali. Watu waliyatumia kwa kulima, na pia kwa kulipia vitu vingine na kutolea mahari.

Fikirini namna jembe linavyouzwa. Mnunuzi analishika. Analipima uzito mkononi. Anaona makali na mahali pa kutia mpini. Jembe lote liko wazi mbele yake. Tena mara nyingi muuzaji anajulikana, au anajulikana jamaa yake. Kama jembe likivunjika siku ya kwanza, habari itafika. Biashara ya namna hiyo ililindwa na mambo mawili: macho ya mnunuzi na jina la muuzaji.

Lakini bidhaa zilipoanza kutoka nchi za mbali, mambo hayo mawili yalipungua nguvu. Mnunuzi hakumjua aliyetengeneza. Ndipo alama ikaingia mahali pa mtu.

Habari za merikani

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Wamarekani wakaweka mwakilishi wao Unguja. Meli zao nyingi zilitoka katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Zilileta kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Watu wa pwani wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka.

Merikani ilipendwa sana kwa sababu ilidumu. Misafara iliichukua bara, mpaka Tabora na kuendelea kaskazini. Katika biashara ile kitambaa kilikuwa kama fedha. Kipimo chake kilikuwa mkono: mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti moja. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alipopita katika nchi ya Usui, ambayo sasa iko upande huu wetu wa Biharamulo, alitakiwa kulipa hongo kwa Mtemi Suwarora kabla ya kuendelea na safari. Hongo ililipwa kwa vitambaa, nyaya na shanga. Basi merikani si habari ya watu wa pwani peke yao. Babu zetu waliijua.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwaka ule ule wa 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, vikaendelea mpaka 1865. Pamba ikawa adimu na merikani halisi ikapungua. Watengenezaji wa Uingereza, na baadaye wa Bombay kule India, walifuma vitambaa vya kuiga merikani. Kuiga ufundi si kosa. Lakini viwanda vingine vya Uingereza vilikuwa na desturi moja mbaya. Walitia wanga mwingi na udongo mweupe katika nyuzi, ili kitambaa kiwe kizito mkononi. Mnunuzi akikishika anasema, hiki ni kizito, hiki ni kizuri. Lakini kikifuliwa, udongo unatoka na maji, na kinachobaki ni kitambaa chepesi kama chandarua.

Ndugu wanakisomo, angalieni jambo hili kwa makini. Jina merikani lilibaki. Watu waliendelea kuita merikani hata kitambaa ambacho hakikupata kuiona Marekani. Jina likabaki, kitu kikabadilika. Hilo ndilo umbo la udanganyifu tunaousoma leo. Anayebadilisha kitu hagusi jina. Analilinda jina kama mboni ya jicho, kwa kuwa jina ndilo linalomwuzia.

Alama yapata sheria

Wenye viwanda walianza kulalamika kwamba wengine wanapiga chapa za watu juu ya bidhaa zao. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa. Kwa sheria ile bidhaa iliyotoka nchi nyingine haikuruhusiwa kujifanya kuwa imetengenezwa Uingereza. Vitu vya Ujerumani vikaandikwa kwamba vimetengenezwa Ujerumani. Waingereza walitumaini kwamba watu watavikataa. Lakini wanunuzi waliona kwamba vingi ni imara, wakavipenda. Alama iliyokusudiwa kuwa aibu ikawa sifa. Hapo tunajifunza kwamba alama yenyewe haina nguvu. Nguvu yake hutoka katika kitu kinachokaa nyuma yake.

Hapa kwetu nako sheria zilitungwa. Sheria ya mauzo ya bidhaa ilikuja wakati wa utawala wa Waingereza. Shabaha yake kubwa ni hii: kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo yake. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Bunge la Tanganyika lilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa, ya kuzuia alama za uongo. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya kuunda Shirika la Viwango, ambalo wengi hulijua kwa jina la TBS. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya mizani na vipimo. Na mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Ushindani, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Tume ya Ushindani ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia.

Zaidi ya hizo iko Kanuni ya Adhabu. Mtu akijipatia mali kwa kusema uongo anaoujua kuwa ni uongo, hilo ni kosa la jinai. Haidhuru kama mtu huyo ni mnunuzi aliyerudisha simu ya bandia, au ni mwenye duka aliyeiuza tena kuwa mpya. Sheria haitazami nani yuko upande gani wa meza.

Redio, kisha simu

Kwa miaka mingi vitu vya umeme vilikuwa adimu. Redio ilikuwa mali ya kujivunia, na kijiji kizima kilijua nani anayo. Kisha, mwaka 1984, Serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Maduka yakajaa redio za kaseti, saa na pasi. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini pamoja na vitu vizuri vikaja vya kuiga. Majina ya viwanda vinavyojulikana yalibadilishwa herufi moja tu, na asiyejua kusoma hakuona tofauti. Mtu aliyetazama umbo la maandishi bila kuyasoma aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994. Simu ina jambo moja ambalo jembe, merikani na redio havikuwa nalo. Kila simu halali ina namba yake peke yake, yenye tarakimu 15. Namba hiyo inaitwa IMEI. Haikuandikwa juu ya boksi tu, bali imo ndani ya simu yenyewe. Mtu akibonyeza nyota, alama ya reli, sufuri, sita, alama ya reli, yaani *#06#, simu inaionyesha.

Serikali za Afrika ya Mashariki zilitumia namba hizo kupambana na simu za bandia. Kenya ilianza. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu karibu milioni 2 zilizimwa nchini humo. Tanzania ikafuata. Desemba 2015 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianzisha daftari kuu la namba za simu. Wananchi wakapewa miezi sita ya kuzikagua simu zao, kwa kutuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zenye namba za bandia zikazimwa katika mitandao yote.

Shabaha ilikuwa njema. Lakini tuulize, siku ile nani alipata hasara? Aliyeitengeneza simu ya bandia alikuwa mbali. Aliyeiingiza alikuwa amekwisha uza. Mwenye duka alikuwa amekwisha pokea fedha. Aliyeamka asubuhi na simu isiyopiga wala kupokea ni mtu wa mwisho. Kwa mara nyingine mtu wa tatu ndiye aliyelipa.

Tena waghushi hawakulala. Walianza kunakili namba za simu halali na kuzitia katika simu za bandia, au kuziandika juu ya maboksi. Ndiyo maana namba ya boksi peke yake haitoshi.

Habari kutoka Oregon

Msifikiri kwamba wanaodanganywa ni watu wa vijijini tu. Katika jimbo la Oregon, kule Marekani, wanafunzi wawili kutoka China walishtakiwa kwa hila ya namna hii. Mashtaka yalieleza kwamba simu za bandia zililetwa kutoka Hong Kong kuanzia mwaka 2017. Zilipelekwa kwa kampuni ya Apple, na kila moja ilisemwa kwamba ni halali, ila haiwaki, na muda wa dhamana haujakwisha. Maombi yalikuwa zaidi ya 3,000. Kampuni ilikubali karibu 1,500 na kutoa simu halali badala yake. Hasara ilikuwa dola 895,800. Simu halali zilizopatikana zikauzwa.

Kampuni kubwa namna hiyo ilishindwaje? Sababu ni rahisi. Simu haikuwaka, kwa hiyo watumishi hawakuweza kuiuliza namba yake ya ndani. Walilazimika kuamini neno la mtu na umbo la simu. Kwa maneno mengine, walikuwa wamerudi katika hali ya mnunuzi wa merikani, aliyeshika kitambaa kizito bila kujua kama ni pamba au udongo.

Kwa nini jambo hili ni gumu kwetu

Sasa turudi Bugarama. Mwenye duka wa hapa hapati bidhaa zake kiwandani. Huenda amezinunua kwa jumla Kahama au Mwanza. Aliyemwuzia huko amezipata Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Ngara. Simu ikirudishwa dukani, nauli ya kuipeleka ilikotoka inaweza kula faida ya simu kadhaa. Ndiyo maana katika maduka mengi mnaona karatasi ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Karatasi ile ina sababu yake, na tusimlaumu kila aliyeibandika. Wengi wamechezewa na wateja. Lakini karatasi haimpi mtu ruhusa ya kuuza kibovu kwa jina la kizima. Kukataa kurudishiwa ni jambo moja. Kumwuzia jirani kitu unachojua kuwa ni kikuukuu, kwa bei ya kipya, ni jambo jingine kabisa.

Wengine husema, "Nami nimeibiwa, nifanyeje?" Jibu ni hili. Aliyeibiwa ni mwenye haki. Lakini siku anapolirudisha boksi lile rafuni, anaacha kuwa mwenye haki na anakuwa mwenzake yule mwizi. Anaimaliza kazi ambayo mwizi aliianza. Mkulima naye ajihesabu. Anayetia mawe ndani ya gunia la kahawa ili lizidi uzito amefanya kama yule aliyetia udongo katika kitambaa, na mnunuzi wa kahawa naye ataanza kupunja mizani. Hivyo kila mmoja anamlipa mwenzake hasara ya mtu mwingine, na uaminifu unakufa sokoni. Soko lisilo na uaminifu halina bei ya haki, maana kila muuzaji anaongeza bei kwa hofu, na kila mnunuzi anapunguza kwa hofu.

La kufanya

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Hiyo ni silaha.

Mnunuzi, usilipe kabla boksi halijafunguliwa mbele yako. Washa simu. Iulize namba yake ya ndani. Soma tarakimu zote 15, moja moja, za kwenye kioo na za kwenye boksi. Zikipishana hata tarakimu moja, acha simu hiyo. Kama ni redio au taa ya jua, tazama skrubu kama zimekwaruzwa, na soma jina la kiwanda herufi kwa herufi. Kisha dai risiti. Kwa sheria ya kodi kuuza bila risiti ni kosa, na kununua bila kuidai ni kosa.

Muuzaji, andika namba ya simu katika risiti na katika daftari lako siku ya kuuza. Mtu akiirudisha, fungua daftari mbele yake. Kama namba si ile, simu si yako, na maneno yamekwisha. Daftari hilo linakulinda wewe kwanza, kisha linamlinda mtu wa tatu. Na kama kitu kimerudishwa kwa haki, kikatengenezwa, kiuze. Hakuna kosa kuuza kitu kilichotumika. Ila kiite kwa jina lake, na bei yake iwe ya kitu kilichotumika.

Mmeona basi, ndugu zangu. Jembe lilikuwa wazi. Merikani ilipewa jina, na jina likaibiwa. Chapa ikawekewa sheria, na chapa ikaibiwa. Simu ikapewa namba, na namba nayo ikanakiliwa. Kila alama mpya hulinda kwa kadiri watu wanavyokubali kuikagua. Asiyeikagua amerudi kununua boksi.

Maneno ya kuandika katika daftari

Alama: kitu kinachoonyesha asili au mwenyewe.
Kikuukuu: kitu kilichochakaa kwa kutumika.
Bandia: kisicho halisi.
Kughushi: kutengeneza kitu cha uongo ili kionekane cha kweli.
Dhamana: ahadi ya muuzaji au kiwanda kwamba kitu kikiharibika kwa muda fulani kitatengenezwa au kubadilishwa.

Kazi ya darasa

Kila mwanakisomo aandike risiti kwa mkono, yenye mambo haya: tarehe, jina la duka, jina la kitu, namba ya kitu, hali yake (kipya au kilichotumika), bei, na sahihi ya muuzaji. Kisha mbadilishane risiti na jirani, na kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini ilikuwa vigumu kumdanganya mnunuzi wa jembe kuliko mnunuzi wa merikani?
2. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilihusiana vipi na nguo za watu wa Afrika ya Mashariki?
3. Watumishi wa kampuni ya Apple wangefanya nini ili wasidanganywe?
4. Mwenye duka aliyerudishiwa simu ya bandia afanye nini? Zungumzeni, na mwalimu aandike ubaoni majibu mawili yaliyokubaliwa na wengi.

Somo limekwisha. Kwaherini, na kila la heri.